Pua Ielekee Ziwani

Nimefunga na kutengeneza intaneti ya ndege kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ndege nimepanda mara moja. Vijana wa karakana wakisikia hivyo hucheka, halafu huuliza kama ni utani. Si utani. Yupo fundi cherehani anayevaa mitumba, yupo mpishi wa hoteli anayekula kwa mama ntilie, na nipo mimi.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga vijana walininunulia begi kubwa la safari, lenye magurudumu na kufuli. Nililipokea kwa shukrani na nimeliweka jikoni. Linahifadhi mahindi vizuri sana, panya hawajaliweza. Wakaniomba pia niandike habari za kazi, kwa sababu eti nikisimulia kwa mdomo huwa naanza katikati. Basi naanza mwanzo.

Tulikaa Mwanza, na wazazi wangu walikuwa wafanyabiashara wadogo. Walichukua machungwa na mihogo mikavu Ukerewe wakauza Mwanza mjini, na wakienda huko walibeba sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Asubuhi moja walipanda boti ya mizigo kama kawaida. Mama alinikabidhi ufunguo wa nyumba na kusema, "Tukifika tutatuma neno." Siku zile neno lilitumwa kwa mtu yeyote anayekuja huku: anapita, anagonga mlango, anasema wamefika salama, anakunywa maji, anaondoka.

Neno halikuja. Boti haikufika, na mpaka leo hakuna aliyeweza kutuambia ilipotelea wapi. Nilikuwa kidato cha pili. Wadogo zangu walikuwa wanne, wa mwisho wakiwa pacha, Kulwa na Doto, waliokuwa hawajaanza hata shule. Niliacha masomo. Kila nilipotoka nyumbani, Doto alisimama mlangoni akauliza kama nakwenda majini. Siku moja nikachoka kuulizwa, nikawakusanya wote wanne, nikaapa kwamba sitapanda chombo chochote ambacho hakigusi ardhi. Ilikuwa ahadi ya mtoto kwa watoto. Watoto wengine wakikua huzisahau ahadi za namna hiyo. Mimi nilikua nayo kama kovu la ndui.

Kazi ya kwanza niliipata kwenye kibanda cha kutengeneza redio, pale Makoroboi. Nilijifunza kwa kuharibu. Siku moja akaja mzee mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata, ameleta redio yake ya kaseti. Huyo alikuwa Mzee Rwegasira, Mhaya wa Bukoba, fundi wa redio za ndege. Niliitengeneza, ikaimba. Aliitazama, kisha akatazama meza yangu.

"Umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Hizo skrubu mbili ni za nini?"

"Zimezidi, mzee."

"Zimezidi." Alizichukua, akazigeuza kwenye kiganja. "Kijana, redio haizai skrubu. Jumatatu njoo uwanja wa ndege. Uje nazo."

Nilidhani ananipeleka polisi. Alikuwa anatafuta mtu mwenye mikono myembamba ya kuingia nyuma ya vyombo vya rubani, na mikono yangu wakati ule, kwa chakula tulichokuwa tunakula, ilikuwa myembamba kupita kiasi.

Siku ya kwanza nilisimama chini ya bawa la ndege ndogo nikakataa kuingia. Mzee Rwegasira aliuliza kulikoni. Sikuona namna ya kudanganya, nikamweleza kiapo. Nilitegemea atacheka. Yeye alikuwa Mlutheri wa kuimba kwaya, viapo havikumchekesha. Alifikiri kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Magurudumu yanagusa nini?"

"Sakafu."

"Sakafu inagusa nini?"

"Ardhi."

"Basi hujapanda kitu. Ingia."

Kwa hukumu hiyo nimefanya kazi mpaka kustaafu.

Alinifundisha mengi ambayo hayamo katika vitabu vya mtengenezaji. Kioo cha daktari wa meno ndicho chombo bora cha kuangalia nyuma ya kitu usichoweza kukifungua. Brashi ya rangi iliyochakaa inasafisha viungio kuliko ile mpya. Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi kutoka majini, wakikauka kwenye antena wanakuwa kama uji uliogandia sufuriani, na dawa yake ni maji ya vuguvugu na subira, si kisu. Makorongo wa mjini, wale wenye vipara wanaotembea kama mawakili waliofilisika, wasiachwe kusimama juu ya ndege, maana wanachokiacha hapo kinakula rangi.

Na kabla ya yote hayo alinifundisha jambo moja ambalo lilikuwa kama sala ya kufungulia karakana: ndege ikiegeshwa nje, pua ielekee ziwani. Upepo wa mchana unatoka ziwani, upande wa magharibi, nao ukiipata ndege ndogo kwa nyuma unaweza kuitikisa mpaka uiharibu. "Pua ielekee ziwani," alisema kila ndege ilipoingia, hata rubani akiwa ameshaielekeza huko. Na mimi, nilipokabidhiwa vijana wa kuwafundisha, nilisema hivyo hivyo. Nilisema mpaka nyumbani nikawa naegesha baiskeli ikitazama magharibi.

Halafu intaneti ikaja. Wateja wetu walikuwa watu wa migodi ya Geita, watalii wanaokwenda Serengeti, wafanyabiashara wenye haraka. Zamani wakipanda walilala au walisoma gazeti. Mara wote wakataka barua pepe angani. Mtambo wa kwanza niliofunga ulikuwa na uzito wa mbuzi na mwendo wa kobe. Picha moja ilianza kufunguka Mwanza ikaonyesha miguu Dodoma. Mitambo ikaendelea kuwa bora, na meneja mmoja wa mgodi, siku ya kwanza ilipofanya kazi sawasawa, alishuka amekasirika. "Huko juu," aliniambia, "ndiko nilikokuwa napumzika."

Nieleze kidogo mtambo wenyewe kwa wasio wa kazi hii. Juu ya mgongo wa ndege kuna kifuniko cha mviringo ambacho sisi tulikiita nundu, kwa sababu ndege ikiwa nacho inafanana na fahali wa Kisukuma. Ndani ya nundu mna sahani ndogo inayojizungusha yenyewe kuifuata setilaiti, kama alizeti inavyofuata jua. Setilaiti tuliyoitumia haikuhama. Ilikaa mahali pake, na kwa mtu aliyesimama Mwanza ilikuwa chini upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa. Siku hizi ziko nyingine ndogo ndogo zinazopita kwa wingi kila upande, na antena zake ni bapa kama sinia. Vijana mnazifunga huku mnapiga soga. Sisi tulikuwa na moja, na tuliitafuta kwa heshima.

Kila mtambo ukifungwa lazima upimwe kwa kupiga simu ya picha kutoka ndani ya ndege kwenda kwa mtu yeyote. Mtu yeyote wangu alikuwa dada yangu Doto. Wakati huo alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu kule Butimba, na namba yake ikawa namba ya majaribio ya karakana nzima. Nilipiga ndege ikiwa imeegeshwa, pua ziwani. Alipokea akiwa jikoni, akiwa sokoni, mara moja akiwa kwenye foleni ya kitubio.

"Shikamoo Kaka."

"Marahaba. Unanisikia?"

"Kuliko ninavyomsikia jirani. Umekula?"

Hapo naandika kwamba mtambo ni mzima. Marubani wote walilijua jiko la Doto. Mmoja alimshauri abadilishe pazia, akalibadilisha.

Ilipotakiwa kupima ndege ikiwa angani, walipanda wengine. Mimi nilikuwa na sababu. Sikio, kifua, mguu, msiba. Nilipopelekwa mafunzo Nairobi nilikwenda kwa basi kupitia Sirari, nikafika na vumbi la nchi mbili, na mwalimu akauliza kama kampuni yetu imefilisika. Kwenda Geita ilikuwa vichekesho zaidi. Wenzangu walivuka kwa kivuko pale Kigongo, mimi nikazunguka Shinyanga na Kahama, nikafika kazi imekwisha na wenyewe wananawa mikono. Daraja la pale lilipofunguliwa nilikuwa nakaribia kustaafu. Nililivuka kwa miguu, nikarudi, nikavuka tena, bila kuwa na shughuli yoyote ng'ambo.

Mzee Rwegasira alistaafu akarudi Bukoba kwenye migomba na kahawa yake, nami nikabaki fundi mkuu. Ndipo ikaja kesi iliyonimaliza.

Kulikuwa na ndege moja ya wagonjwa iliyokaa Mwanza. Iliwachukua watu mahututi wa kanda ya ziwa, wengi wao wakiwa wameletwa kwa boti kutoka visiwani, na kuwapeleka hospitali kubwa Dar es Salaam. Ilinunuliwa nje ikiwa na nundu yake tayari, imewekwa nyuma karibu na mkia. Mpango ulikuwa mzuri: mashine ya moyo ya mgonjwa inatuma vipimo kwa intaneti, daktari bingwa Dar anaviona ndege ikiwa angani, anamwambia nesi la kufanya. Tatizo likawa moja. Mgonjwa akiwa ndani, intaneti inakata mara tu baada ya kuondoka, hairudi mpaka karibu na kutua. Ndege ikirudi tupu, intaneti safi kabisa. Wahudumu wanatazama mpira njia nzima.

Nesi wa ndege hiyo aliitwa Perpetua, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamsha wodi. Alikuja karakana akaweka mkoba wake juu ya meza yangu ya kazi.

"Fundi, mtambo wako haupendi wagonjwa."

"Hauwezi kujua nani mgonjwa, Nesi."

"Unajua. Wiki hii nilikuwa na mama aliyejifungua, anapoteza damu, namtafuta daktari kwenye kioo naona kiduara kinazunguka. Nimeamua peke yangu, kati ya dawa mbili. Amepona. Lakini nilichagua kama mtu anayechagua nyanya gizani." Akashusha sauti. "Hospitali wamesema mambo yakiendelea hivi, kazi hii wataipa ndege inayokaa Dar. Watu wa huku wawe wanaisubiri ije kwanza ndipo iwachukue. Unajua maana yake."

Nilijua. Mtu anayepoteza damu hasubiri ndege ije kwanza.

Nilianza kutafuta kosa. Kwa kuwa lilitokea mgonjwa akiwemo, nikalitafuta kwa mgonjwa. Nilidhani mashine ya moyo inaingilia mawimbi, nikazifunika nyaya zake. Nikashuku mtungi wa oksijeni. Nikashuku chuma cha machela. Nikamwuliza Perpetua kwa uangalifu kama wagonjwa wengi huvaa hirizi za shaba. Mwishowe nikamlaza yeye mwenyewe kwenye machela, nikamfunga waya zote, ndege ikiwa imeegeshwa nje, pua ziwani, nikawasha. Mtambo ukafanya kazi vizuri ajabu. Vipimo vyake vikafika Dar, na daktari wa huko, ambaye hakuambiwa kwamba ni majaribio, akaamuru mgonjwa apunguze chumvi na apewe likizo.

"Ya likizo iandike," alisema Perpetua kutoka kwenye machela.

Rubani wa ndege hiyo alikuwa Kapteni Zaituni, binti wa mjini hapa, wa familia ya wafanyabiashara wa vitambaa. Alinitazama nikifungua na kufunga kwa siku nyingi, kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Kapteni."

"Kosa liko juu. Wewe uko chini. Mtakutana lini?"

Nikamweleza habari ya sikio langu.

"Mwezi uliopita ilikuwa kifua."

"Vinaungana kwa ndani."

"Daktari gani alikukataza?" aliingilia Perpetua. "Mimi hapa naweza kukupima sasa hivi, machela ninayo."

Niliwatazama wale wanawake wawili. Nikamfikiria yule mama aliyejifungua, ambaye bila shaka kwao pia kuna mtoto wa kwanza. Nikasema, "Kesho asubuhi." Nyumbani sikumwambia mtu. Wadogo zangu walikuwa watu wazima wenye watoto wao, lakini kiapo sikukiapa kwa watu wazima.

Asubuhi ile nilikaa kwenye kiti, nikajifunga mkanda, nikashika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Ndege ikanguruma. Nikasali sala zote ninazozijua na moja ya Kilutheri niliyoisikia kwa Mzee Rwegasira. Baada ya muda nikamsikia Kapteni.

"Fundi, fumbua macho. Bado tuko pale pale, nangoja ruhusa."

Tulipoondoka kweli sikuwa na sala iliyobaki, kwa hiyo niliangalia. Mawe ya Mwanza, yale yaliyobebana, yalikuwa yamepungua yakawa kama maharage kwenye ungo. Halafu ndege ikaegemea upande wangu, nikaliona ziwa. Nilikuwa nimelikwepa kwa miaka yote ile na sasa lilikuwa chini yangu lote, linang'aa, halina alama hata moja. Nikajikuta nalipitia taratibu kwa macho kutoka huku kwenda kule, na ilinichukua muda kutambua kwamba natafuta boti.

Perpetua alinigusa bega. "Fundi. Kazi."

Nikawasha kompyuta, nikapiga namba niliyoijua. Tulikuwa bado tunaelekea magharibi, juu ya maji.

"Shikamoo Kaka! Leo picha nzuri. Mbona umekaa kama uko kwa daktari wa meno?"

"Marahaba. Niko kazini."

"Hiyo nyuma yako ni nini?"

"Dirisha."

"Nje ya dirisha kuna nini?"

Niliwahi kumdanganya Doto mambo mengi alipokuwa mdogo, kwamba nimeshiba, kwamba sioni baridi. Hili lilinishinda. "Mawingu," nikasema.

 Nyuma yake niliona sufuria inafoka na hakuigeukia.

"Kaka."

"Doto, sikiliza, ni muda mfupi tu, nataka..."

Wakati huo huo Kapteni alikuwa anageuza pua kuelekea Dar. Uso wa Doto ukaganda, mdomo wazi, kisha ukapotea.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. "Imekata!" nikapiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu. "Kapteni, geuka! Rudi ziwani!"

Tukageuka. Mawasiliano yakarudi. Doto akaonekana amesimama, kitambaa cha kichwa kimemvuka, anaita, "Kaka! Mmeang..."

"Geuka tena!"

Akapotea. Tukarudi, akaonekana yuko uani na majirani wawili. Tukageuka, wakapotea wote. Sikuweza kuacha. Kosa nililolitafuta wiki nzima lilikuwa linakuja na kuondoka kwa amri yangu. Pua ikitazama ziwa, yupo. Ikitazama Dar, hayupo. Mgonjwa hakuhusika hata kidogo. Tulipokuwa tunapeleka mgonjwa tulikuwa tunaipa setilaiti mgongo, na nundu yetu, iliyokaa nyuma pale, ilikuwa inajaribu kuchungulia kupitia mkia wa ndege. Nilikuwa najua setilaiti iko magharibi. Nilikuwa najua mkia uko nyuma. Mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa kichwani mwangu kama wapangaji wasiosalimiana.

Mara ya mwisho Doto alipotokea, watu uani walikuwa wengi, yupo na mama muuza maandazi ameshika kikaango. Doto hakuwa anapiga kelele tena. Alisogeza uso karibu na simu, akasema polepole, "Kaka, kokote mnakogeukia, msigeuke tena."

Perpetua akanishika mkono uliokuwa juu ya kompyuta. "Fundi, dada yako unamwua."

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nafanya. Doto alikuwa ameshika simu, anamwona mtu wake juu ya ziwa lile lile, akipotea, akirudi, akipotea, na hakuna anayemwambia kitu.

"Kapteni," nikasema, "turudi chini. Twende hivi hivi, tusigeuke tena."

Haikuwezekana kutua bila kugeuka, alinieleza. Basi nikamwambia Doto kabla: sasa tutakata, hesabu ng'ombe wote wa babu, ukimaliza tutakuwa tumetua. Ni mchezo niliokuwa nikimlalishia alipokuwa mtoto. Babu alikuwa na ng'ombe mmoja, lakini katika mchezo ule walikuwa hawana mwisho.

Hakuhesabu. Alipanda bodaboda. Nilipokuwa ndiyo kwanza nakanyaga lami niliona mtu anakuja mbio kutoka getini, mguu mmoja kandambili, mwingine kiatu cha kazini. Mlinzi hakumzuia, aliijua sauti yake kwa simu zetu. Tangu ajue kusema, Doto hajawahi kunitazama bila kunipa shikamoo. Siku ile hakunipa. Alinishika kola, akanitikisa, kisha akanibonyeza mikono na mabega kama mtu anayechagua kuku sokoni. Alipohakikisha nimekamilika, akafuta uso kwa upande wa kanga.

"Mmepata mlichokuwa mnakitafuta?"

"Tumepata!" Nikamweleza yote, mkia, setilaiti, pua kuelekea Dar. Nilieleza vizuri, nikionyesha kwa mikono. Doto anafundisha walimu wa watoto wadogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaizunguka ndege taratibu, akaangalia chini.

"Hii ina magurudumu?"

"Ina."

"Yanazunguka?"

"Yanazunguka, Doto."

"Kwa hiyo mngeisukuma hapa hapa, mkia ukatazama ziwa, mngeona hayo hayo mliyoyaona kule juu."

 Kapteni Zaituni alianza kukunja waya wa vipokea sauti vyake kwa uangalifu mkubwa. Perpetua aligeuka kutazama mlima.

Tuliisukuma. Mkia ziwani, pua mjini. Nikampigia Doto, aliyekuwa amesimama karibu yangu. Simu haikutoka. Miaka yote ile karakana yetu ilikuwa imepima mitambo ndege zikitazama upande mmoja tu, ule ule ilikokuwa setilaiti, kwa sababu upepo unatoka huko. Mtu wa karakana nyingine, mahali pasipo na ziwa, angeligundua kosa lile kabla ya chai ya saa nne.

Jioni nilimpigia Mzee Rwegasira Bukoba, nikamsomea mashtaka. "Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha pua ielekee ziwani."

Nilisikia anatafuna. "Nilisema mkiegesha," akajibu. "Sikusema mkipima." Akauliza kama zile skrubu zake bado ninazo.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Tuliwaomba wenye huduma watuhamishie kwenye setilaiti iliyokaa upande wa mashariki. Kwenda Dar sasa tungekuwa tunaitazama usoni. Kurudi ndiyo mkia ungeziba. Wahudumu waliniuliza mpira watautazama vipi. Hawajanisamehe.

Hospitali walisema safari ijayo yenye mgonjwa ndiyo itakayoamua kama ndege inabaki Mwanza au inaondoka. Ilikuja mapema kuliko nilivyotaka. Bibi mmoja wa Ukerewe, moyo umeanza kumsumbua, ameletwa kwa boti asubuhi. Niliwatazama wakimpandisha. Doto alikuwa amekuja; alisema ana udhuru mjini, nikajifanya nimeamini. Safari hii alinipa shikamoo.

Tuliketi kwenye benchi la karakana na kompyuta mapajani. Perpetua alikuwa kwenye kioo, na pembeni yake mstari wa moyo wa Bibi unapanda na kushuka. Daktari wa Dar naye alikuwa anauona. Ndege ikapita juu ya ukingo wa ziwa ikielekea kaskazini, ubavu kwa setilaiti mpya, ikaanza kugeuka. Najua namna ndege inavyoegemea ikigeuka, kwa kuwa nimepanda. Nikashika ukingo wa benchi. Mstari ukatetemeka kidogo. Haukukata. Pua ikakaa kuelekea Dar, na Perpetua bado alikuwa pale, ananiangalia.

"Fundi, unanisikia?"

 Doto akajibu kwa niaba yangu kwamba tunamsikia.

"Ni nani hao?" ikasikika sauti kutoka kwenye machela, nyembamba lakini yenye amri.

"Ni fundi wa mitambo, Bibi. Yuko Mwanza."

Nikakohoa. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo? Umepanda nini?"

"Sijapanda kitu, Bibi. Niko chini."

"Basi kaa huko huko, utulie," alisema. "Tukifika tutatuma neno."

Doto alinishika mkono. Tulikaa pale kwenye benchi, jua likazunguka karakana, vijana wakatupitia na chai tukasahau kuinywa. Ndege zilizoegeshwa nje zilikuwa zote pua ziwani, kama kawaida.

Walifika. Neno likaja.